Jina Ubavuni mwa Katoni

Ukiona baiskeli za Kinoo miaka ile zilikuwa zinatembea, ujue zilitembezwa na Idarus. Duka la vipuri nilikuwa nalo mimi, kando ya Waiyaki Way, pale wauza mboga wanapofungia magunia yao, lakini duka bila mali ni kibanda tu cha kukimbilia mvua. Cheni, spoki, pedali, tairi za Black Mamba, vyote vilitoka kwa Idarus, na Idarus alivifuata mwenyewe India, katika mji wa Ludhiana. Alisema huko kila nyumba inatengeneza kipande cha baiskeli kama sisi tunavyopika chai. Sijui kama ni kweli. Idarus alipenda kutia chumvi.

Alikuwa mtu wa Lamu aliyekuja Nairobi akiwa kijana, akasema anakaa mwaka mmoja, akazeekea hapa. Duka lake lilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya River Road, jembamba kiasi kwamba wateja wawili wanene hawangeweza kupishana. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa hao wanene, na hakuacha kunitania. "Mama Kui, ingia kwa ubavu," angesema, na mimi ningemwambia apanue duka au apunguze mdomo.

Sisi wafanyabiashara wadogo hatukuwa na uwezo wa kujaza kontena peke yetu. Tulimpa Idarus oda zetu, naye alipofika India alinunua, akafunga mali kwenye makatoni, akayapakia katika kontena moja na mizigo ya watu wengine wa Nairobi: wa masufuria, wa vitambaa, wa feni. Ili mizigo isichanganyike, kila mwenye mali aliandika alama yake kwenye kila katoni. Wengi waliandika herufi mbili tatu za majina yao. Idarus aliandika jina la mkewe. MWANASHA, kwa brashi na wino mweusi, herufi kubwa, na chini yake NAIROBI. Aliandika kila katoni kwa mkono wake. Hakumwachia Mhindi yeyote kazi hiyo.

Basi kontena likifunguliwa Nairobi, wapakuzi wanasoma alama kwa sauti ili mwenye mali aitikie. Na wapakuzi wa Nairobi hawana sauti ndogo. Ungewasikia: "Mwanasha! Mwanasha! Mwanasha mwingine! Huyu Mwanasha ni mzito!" Na Idarus amesimama pale na kofia yake ya kushonwa kwa mkono, anacheka, anaitikia kila mara, "Wangu huyo. Wangu. Mlete polepole." Nilimwambia hana haya. Alikubali kwamba hana.

Lazima niseme kwamba kwa watu wao jambo hilo halikuwa dogo. Jina la mke wa mtu halitupwi barabarani hivyo. Mimi nilimjua mama huyo miaka mingi kama Mama Mahira, kwa jina la binti yao, na jina lake hasa nililisoma kwenye katoni kabla ya kulisikia kinywani mwa mtu. Kaka mkubwa wa Idarus, aliyeko Lamu, alilalamika hadi akachoka. Nilimuuliza Idarus siku moja kwa nini hakubadilisha tu, aishi kwa amani na ndugu zake. Alikuwa anapanga kengele kwenye rafu. "Safari ya kwanza," akasema, "nilikuwa mgonjwa, sijui lugha ya mtu, nalala godauni. Yule mzee wa kufunga mali akaniuliza alama yako ni ipi. Nikataja kile nilichokuwa nacho moyoni. Sasa wataka nirudi nikamwambie nilikosea?"

Alirudi safari yake ya mwisho mwezi wa tatu, mwaka elfu mbili na tano, mzigo ukiwa bado unapakiwa melini Bombay. Aliniambia amenipatia mipini mizuri safari hii, nitamkumbuka. Wiki mbili baadaye alianguka dukani, asubuhi, akiwa anateremsha tairi kutoka juu, na alipofikishwa hospitali alikuwa ameshaondoka. Kabla ya jua kuzama walikuwa wamemzika kwenye makaburi ya Kariokor. Mimi nilizoea msiba wa kwetu, wa mikutano na michango na mwili kukaa mochari wiki nzima, kwa hiyo nilifika kumlilia mtu nikakuta tayari yuko chini ya ardhi. Nilikasirika kana kwamba amenitoroka.

Mkewe akaingia eda. Sikuwa nakijua kitu hicho. Mjane kwao hukaa ndani miezi minne na siku kumi, amevaa nguo isiyo na pambo, hapaki wanja, hafukizi udi, hatoki ila kwa dharura, na wanaume wasio maharimu zake hazungumzi nao ila nyuma ya pazia. Nilipoelezwa niliona ni jela, na nikaenda nyumbani kwake nimejaa maneno. Walikaa ghorofani, nyuma ya maduka ya Adams Arcade. Nilimkuta ameketi juu ya mkeka, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mikono imelala mapajani.

"Mama Mahira, hii maisha ya kufungiwa ndani utaiweza kweli?" nikamwambia. "Duka inakungoja. Sisi kwetu mtu akizikwa leo, kesho unafungua."

Hakukasirika. "Mama Kui," akasema, "niache nimlie kwa utaratibu. Nikitoka huko nje nitalia ovyo."

Si mara nyingi mtu hunifunga mdomo kwa maneno machache hivyo. Kuanzia siku hiyo nikawa naenda kwake kila Jumatano, siku ya kushuka mjini kununua mali, na tunakunywa chai yake ya tangawizi, na kama hana la kusema mimi namsemea habari za Kinoo.

Duka lilishikwa na Sameer, mtoto wa yule kaka wa Idarus wa Lamu. Watu walidhani duka litamshinda. Halikumshinda. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mpole hadi unataka kumtikisa, mswalihina, na alimpenda ami yake kuliko alivyompenda baba yake mzazi, ingawa hangesema. Kila jioni alipita nyumbani kumpa Mama Mahira habari za biashara. Alisimama sebuleni, yeye mama yuko chumbani, na pazia la kijani katikati yao.

Jumatano moja nilimkuta mama ana jambo. Aliinuka mwenyewe akafunga mlango. Mahira alikuwa jikoni, na bado akashusha sauti.

"Sameer asema meli imefika Mombasa. Mzigo utakuwa Nairobi wiki ijayo."

"Nimesikia. Hata mimi nangoja mipini yangu."

"Mama Kui, nataka unichukulie katoni moja. Si mali. Mali itoeni. Nataka ubavu wa katoni tu, ule ulioandikwa."

Sikumwelewa mara moja. Akaona sijamwelewa, na uso wake ukapata joto kama wa msichana.

"Jina langu," akasema. "Alivyoliandika yeye."

Nikamuuliza hana yale ya zamani? Miaka yote hiyo ya mizigo? Hakuwa nayo, na nilijua kwa nini hata kabla hajajibu. Makatoni Nairobi hayalali. Mali ikishatolewa, siku hiyo hiyo katoni limeshauzwa kwa mtu wa kufungia mitumba, au limetandikwa na mtu sakafuni kwake. Nani angeweka katoni, na mwandishi wake yuko hai, anakula chakula cha mchana mbele yako?

"Picha zake ninazo," akaendelea. "Kanzu zake ninazo, sijazifua. Kile nisichokuwa nacho ni sauti. Wewe waniita Mama Mahira. Sameer aniita Mama. Majirani, bi nani. Mama yangu alifariki, baba akafariki, dada zangu wamekwisha. Wote waliokuwa wakiniita Mwanasha wamekwenda, akabaki yeye peke yake. Na yeye alikuwa akiliandika vile vile alivyolitamka. Ile M ya mwanzo aivuta, utadhani hataki kuiacha. Nikiiona nitamsikia."

Mimi si mtu wa kulia ovyo lakini hapo ilibidi nitafute leso. Nilimwambia jambo hilo ni rahisi sana, tumwambie tu Sameer alete katoni zima, hata kumi.

Akanishika mkono. "La. Usimwambie Sameer. Ni mwanamume, na ni wa ukweni. Nitamwambiaje nataka katoni nikaliweke kitandani? Itafika Lamu habari hiyo. Nitaona aibu hata nyuma ya pazia. Nifanyie wewe, kimya kimya."

Nikamwahidi. Ilikuwa ahadi nyepesi: katoni moja katika makatoni ya kujaza chumba. Ningeona ugumu wapi?

Siku ya mzigo nilifika uchochoroni mapema, nimebeba kisu cha kukatia kamba na mfuko mkubwa wa sandarusi. Kontena lilikuwa linafunguliwa godauni, Industrial Area, na Sameer alikuwa huko tangu alfajiri. Kazi yetu sisi wa dukani ilikuwa kungoja lori. Lilipoingia uchochoroni kinyumenyume, nikasogea nyuma, nikangoja turubai livutwe. Lilipovutwa niliona makatoni mekundu.

Nilidhani ni mzigo wa mtu mwingine. Kila katoni lilikuwa na baka kubwa la rangi nyekundu ubavuni, mraba mzima, inang'aa. Wapakuzi wakaanza kuteremsha wakiitana, "Nyekundu! Nyekundu! Nyekundu ingine!" Nikapanda juu ya lori na unene wangu huu. Nikageuza katoni la kwanza upande wa pili. Nyekundu. Nikaangalia juu ya kifuniko, maana Idarus aliandika hadi kwenye kifuniko. Nyekundu.

Sameer akashuka kutoka mbele. Kanzu yake ilikuwa imeharibika kwa rangi, na vidole vyake vyote vilikuwa vyekundu hadi kwenye kucha. Alikuwa amechoka, lakini usoni mwake mlikuwa na utulivu ambao sikuwa nimeuona tangu mazishi.

"Sameer, sasa hii rangi ni ya nini?"

"Ni ya kuficha jina, Mama Kui."

"Kuficha jina aje?"

Akanivuta kando, wapakuzi wasisikie. "Mama yuko eda," akasema. "Watu wa nje hata sauti yake hawafai kuisikia. Sasa jina lake lipigiwe makelele na makuli, godauni nzima isikie, River Road isikie? Ami alipokuwa hai ilikuwa sawa, mwenyewe alikuwa amesimama pale. Leo wakiita, nani ataitikia?"

Hadi leo natafuta jibu la swali hilo na sijalipata.

"Nilinunua rangi ya mafuta," akaendelea, "nikasimama mlangoni mwa kontena. Kila katoni likitoka, kabla mtu hajasoma, napaka. Wale vijana walitaka kunisaidia, nikakataa. Sikutaka mkono wa mtu wa nje upite juu ya jina lake."

"Na ulipaka zote? Hakuna yenye ilipita?"

"Zote. Sikuacha hata moja."

Alisema hivyo akitarajia nimpongeze. Nilimtazama, na hasira iliyokuwa imenipanda ikakosa pa kukaa. Ningemgombeza kwa kosa gani? Kwa heshima? Alikuwa amesimama tangu alfajiri akimsitiri mke wa ami yake kwa mikono yake miwili. Na mimi nilikuwa nimeahidi kufunga mdomo.

Nilimwambia naangalia mali yangu isije ikawa imevunjika, na nikageuza makatoni yale yote, moja baada ya jingine, pande zote nne, juu na chini, hadi wapakuzi wakaanza kunung'unika. Kijana yule alikuwa mwangalifu. Uangalifu ule ungenipendeza siku nyingine yoyote. Hata pembeni, pale Idarus alipozoea kurudia kwa herufi ndogo akiandika vibaya, palikuwa pamepakwa. Mwishowe nilikata ubavu mmoja, nikautoa nje penye mwanga, nikauinua juu, nikauinamisha huku na huku. Rangi ya mafuta haina huruma. Nilijaribu kuikwangua kwa kisu na karatasi yenyewe ikatoka pamoja na rangi.

Nilitia kipande hicho mfukoni hivyo hivyo, kwa sababu sikuweza kwenda mikono mitupu.

Njia nzima hadi Adams nilikuwa natunga maneno, na hakuna lililonifaa. Nilimkuta amenisubiri. Alikuwa amebadilisha nguo, mtandio mwingine mweupe, uliopigwa pasi, na amefagia mahali fulani ukutani karibu na kitanda, nikaelewa ni mahali pa kuegeshea kitu. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wangu. Nikaketi. Nikasema, "Mama Mahira," na kabla sijafika mbali mlango wa nje ukagongwa, Mahira akafungua, na tukasikia salamu ya Sameer sebuleni. Alikuwa amenifuata nyuma bila kujua.

Mwanasha akavuta pazia likaziba vizuri, akaketi karibu nalo.

"Waalaikumu salaam, baba. Mzigo umefika?"

"Umefika, Mama, alhamdulillahi. Haukuvunjika kitu." Tuliona kivuli chake kwenye kitambaa cha kijani, na miguu yake chini. "Na kuna jambo nataka nikwambie, usije ukalisikia kwa watu. Lile jina lako kwenye makatoni, nimelifuta. Nimelipaka rangi kabla makuli hawajalisoma. Najua siku hizi huna furaha, sikutaka pia uvunjiwe heshima. Hakuna aliyelitamka, Mama. Hata mmoja."

Mimi nilikuwa upande wa Mwanasha wa pazia. Yeye Sameer hakuona nilichokiona. Uso wa Mwanasha haukubadilika mara moja. Ulikawia, halafu mdomo ukafunguka bila sauti, akaweka kiganja juu yake akakibana. Macho yakanigeukia mimi na mfuko wangu. Nikatikisa kichwa. Akafumba macho.

Kimya kile kilimtia wasiwasi Sameer. "Mama? Nimekosea?"

Nilitaka kusema. Mungu anajua nilitaka kusema, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mwanasha akaninyooshea mkono ule mwingine, kunizuia. Na sauti iliyotoka ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mama anayejibu kama chai ina sukari.

"Hukukosea, baba. Umenisitiri. Mungu akusitiri na wewe, akuweke."

"Amin," akasema Sameer, na ungemsikia pumzi zikimshuka. Kisha akauliza, "Na safari ijayo, Mama, wananiuliza kule India. Wanataka alama mpya. Tuandike nini?"

Aliangalia mikono yake.

"Andika Sameer," akasema. "Wakiita, utakuwepo kuitikia."

Kijana alishukuru mara tatu. Alipotoka nilisikia anashuka ngazi upesi upesi kama mtu aliyetuliwa gunia, na namwelewa, kwa sababu alikuwa amepewa duka na baraka kwa siku moja. Mwanasha alingoja hadi mlango wa chini ukafungwa.

"Usimwambie," akaniambia. "Maisha yako yote, Mama Kui. Itamuua."

Halafu akalia. Alilia na mtandio mdomoni ili Mahira asisikie jikoni, mwili mzima unatikisika, na mimi nimemshika mabega, sina dawa. Nilikuwa nimeshamzoea analia kidogo kidogo, kwa ule utaratibu wake. Huku hakukuwa na utaratibu. Niliona nitafute chochote cha kumpa, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni mdomo wangu, kwa hiyo nikainama karibu na sikio lake nikamwita.

"Mwanasha."

Akanyamaza. Aliinua uso akanitazama kwa muda, anasikiliza, na mimi nikawa na matumaini. Kisha akanipigapiga mkono polepole, kana kwamba ni mimi niliyefiwa.

"Ahsante, mwenzangu," akasema. "Lakini si wewe."